Mwaka wa Kumngoja Naliaka

Mama Robai alizikwa Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Bungoma, nami niliketi kwenye hema la wageni katikati ya watu ambao hawakunijua. Msimamizi wa shughuli alisoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi moja: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akawa muumini mwaminifu, akafanya kazi ya upishi shuleni. Hayo ya upishi yalichukua sentensi moja tu, kisha akaingia kwenye orodha ndefu ya wajukuu. Niliinua mkono nipewe nafasi ya kusema machache, lakini mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Mlima Elgon na mchungaji alikuwa na haraka, kwa hiyo kipaza sauti hakikunifikia. Nilirudi Kitale na maneno yangu yote. Wiki nzima nimezunguka nayo ndani ya nyumba, naosha vyombo vilivyo safi, naanza kusahihisha daftari na kuliacha katikati. Watu huona cheti changu ukutani wakadhani kazi hii nilifundishwa chuoni. Chuoni nilisoma kweli, sikatai. Ila sehemu kubwa niliipata jikoni kwa yule mama, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na sikutaka kukaa mahali popote.

Nitasema ukweli, kwa kuwa sasa hautamuumiza mtu mwingine ila mimi. Sikusomea elimu maalumu kwa sababu ya wito. Nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi pale Matisi, mtaa wa Kitale, chumba chenye madirisha yasiyo na vioo, jirani na mafundi seremala waliopiga randa kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, na nilipofika jioni sauti yangu ilikuwa imekwisha. Siku moja, saa ya chai, nikawasikia walimu wawili wakizungumza nyuma ya kabati la vitabu. Mmoja alikuwa akisema kwamba wenye diploma ya elimu maalumu hawakai darasani muda mrefu, wanachukuliwa ofisini, wanapewa meza na mlango wa kufunga. Mlango wa kufunga. Maneno hayo yalinikaa. Nikajiandikisha, nikasoma wakati wa likizo kwa miaka miwili, na mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho, nikapewa ruhusa ya masomo niende Bungoma kufanya mazoezi ya kufundisha katika kitengo cha watoto wenye ulemavu. Nilihesabu mwaka ule kama mtu anavyohesabu vituo vya barabarani: Kiminini, Kamukuywa, huko mbele kuna kufika. Sikuwa na nia ya kushuka njiani.

Bungoma nilipanga chumba pamoja na mwanafunzi mwenzangu, Chemutai, mzaliwa wa Cheptais. Kilikuwa chumba cha mabati karibu na reli, chenye vitanda viwili, pazia la leso katikati, na dirisha lililotazama ua ambapo vijana walitengeneza pikipiki. Kila Chemutai alipotoka nyumbani kwao mlimani alikuja na viazi na kibuyu cha maziwa mala yaliyoganda, na Jumapili tulipika viazi hivyo na sukumawiki kwenye stovu ya mafuta ya taa, tukala tumeketi kitandani huku madaftari yamewekwa sakafuni. Alikuwa mchangamfu na mwenye akili nyepesi. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba mwisho wa mwaka ofisi ya kutathmini watoto kule Kitale itahitaji msaidizi, na kwamba watamtafuta mtu aliyemaliza diploma mwaka huohuo. "Mimi na wewe tutaandika sisi wote," aliniambia. "Akichukuliwa mmoja, mwingine anakula matunda ya rafiki. Ama namna gani?" Nilicheka nikakubali, lakini moyoni nilikuwa nimeshakaa kwenye ile meza. Nilikuwa hata nimeamua kiti kitaangalia upande gani.

Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na bweni dogo nyuma yake. Watoto kumi na saba, mwalimu mmoja. Mwalimu huyo aliitwa Bwana Wekesa, mtu mzima, mpole, aliyevaa sweta ileile ya kijani na kutembea na kitambaa begani kwa ajili ya kupangusa midomo na pua. Upande wa kushoto wa darasa kulikuwa na mlango uliokwenda moja kwa moja jikoni, na kwa sababu mlango huo haukufungika vizuri, somo letu lilichanganyika na harufu ya moshi, githeri ya mahindi na maharagwe, na maziwa yaliyoungua. Huko ndiko alikokuwa Mama Robai, mnene, mwenye kifua cha kukohoa, akipika na kuzungumza tangu asubuhi. Siku za kwanza nilidhani anazungumza peke yake. Nilimwomba Bwana Wekesa tufunge mlango ule kwa kamba ili watoto wasivurugike. Akaniangalia, akasema, "Wacha tu, mwalimu. Kuna mwenye anausikiliza."

Chuo kilitutaka kila mmoja achague mtoto mmoja, amchunguze na kuandika ripoti. Ripoti hiyo ilikuwa na alama nyingi kuliko mtihani wowote, na nakala moja ilipelekwa katika ofisi ya tathmini ya pale Bungoma, kwa sababu muhula wa tatu kamati ilikaa kuamua nani abaki bwenini na nani arudishwe nyumbani. Nafasi zilikuwa chache na waliongoja nje walikuwa wengi. Nilimchagua Naliaka. Na hilo pia nilifanya kwa haraka zangu: niliona hatasogea, hatakimbia, nitamaliza mapema. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mtindio wa ubongo. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu kilichomzidi ukubwa, ameshikizwa kwa mito na mkanda wa kitambaa, mikono yake ikienda ilikotaka yenyewe. Hakutamka neno. Sauti yake ilitoka kama mtu anayeanza kuimba akakatizwa. Asubuhi bibi wa bweni alimleta karibu na mlango wa jikoni kwa sababu ya joto, na hapo ndipo alipokaa mpaka jioni, uso umeelekea moshini.

Nilimchunguza kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa na fomu, kalamu na saa ya mkononi. Nilimwonyesha picha ya ng'ombe nikamwambia anionyeshe ng'ombe. Mkono wake ukapiga hewa. Nilimwita jina, kichwa kikageuka upande mwingine. Nikaweka alama kwenye vijisanduku vya fomu, kimoja baada ya kingine, na usiku wa Ijumaa sikulala, si kwa mawazo, ila nilitaka kumaliza. Nikaandika kwamba mtoto huyu haelewi maelekezo, hana njia ya kuwasiliana, na hawezi kufundishika kusoma. Inafaa alelewe nyumbani. Mhadhiri wetu alikuja kunikagua wiki iliyofuata. Alisimama kando ya kiti cha Naliaka, akaisoma ripoti kwa sauti, ukurasa hadi ukurasa, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawezi kufundishika kusoma," alirudia. "Umeandika bila kuzungusha maneno. Hivi ndivyo inavyotakiwa." Mimi nilisimama upande wa pili wa kiti nikaona haya ya furaha. Kati yetu alikuwapo yule mtoto, na hakuna kati yetu sisi wawili aliyeangalia chini.

Bwana Wekesa alitakiwa kutia sahihi kama mkuu wa kitengo. Nilimpelekea karatasi wakati wa chakula, akaisoma huku ameshika bakuli, akanirudishia bila sahihi.

"Umemtazama siku ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili."

"Na umemngoja dakika ngapi?"

Sikuelewa. Nikamwambia muda wa kila swali ulikuwa kama fomu inavyosema, sekunde kumi. Akapangusa mdomo wa mtoto aliyekuwa karibu, kisha akasema taratibu, "Mimi nafikiria kuna kitu ndani ya huyo mtoto. Sina hakika. Niko na watoto kumi na saba na mikono miwili, sijapata nafasi ya kukitafuta. Nilidhani wewe utakitafuta." Nilichukia. Nilitoka nje nikazunguka ule uwanja mara mbili nikiwa na ripoti mkononi, nikimwona mzee aliyechoka anayetaka kunichelewesha. Mwishowe mhadhiri akaniambia sahihi ya chuo inatosha, na ripoti ikaenda ofisini bila ya Bwana Wekesa.

Nilipata alama za juu kuliko wote. Chemutai alinipikia kuku. Nikaandika barua ya kuomba ile kazi ya Kitale, na kwa wiki tatu nilifanya kazi kama mgeni anayesubiri gari: begi nusu limefungwa chini ya kitanda, macho kwenye kalenda ya ukutani. Hata sasa nikiukumbuka ule uzembe wangu wa furaha, najikuta nimeinuka kwenye kiti. Sikuwa mtu mbaya. Watoto niliwaosha, niliwalisha, niliwaimbia. Ila kila nilichokifanya nilikifanya nikiwa tayari nimeondoka.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua, mwezi wa saba. Bwana Wekesa alikuwa amempeleka mtoto mmoja hospitalini, watoto wengine walikuwa wakifinyanga udongo na bibi wa bweni, na mimi nilikwenda kuchukua chaki kwenye kabati lililokuwa karibu na ule mlango wa jikoni. Naliaka hakuwepo mahali pake. Alikuwa amesukumwa hadi ndani, kando ya jiko, na Mama Robai alikuwa ameketi kwenye kibao akichambua maharagwe, kitabu cha nyimbo za kanisani kimefunguliwa juu ya paja lake, kimegeuzwa ili mtoto naye akione. Alikuwa akisoma kwa kidole, kwa tabu, kama mtu avukaye mto kwa mawe. Aliwahi kuniambia kwamba aliachia shule darasa la nne. Nikamsikia anasema, "Ka-ti-ka si-ku ya… ya ha… ya hasara." Akainua uso kumtazama Naliaka. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa nguvu. "Si hasara?" Mama Robai akarudi kwenye mstari. "Hazira. Hapana. Ha-ki. Siku ya haki?" Naliaka akafumbua macho na kuyapeleka juu kabisa, mpaka kwenye bati. "Ewaa. Siku ya haki. Huyu kitabu imeandika vidogo sana, bana." Akaendelea na mstari wa pili.

Nilibaki pale na boksi la chaki mkononi. Mwanzo nilijiambia kwamba ni mchezo, mama anamwonea mtoto huruma na mtoto anacheza na macho. Basi nikaendelea kusikiliza. Mara tano Mama Robai alikosea, na mara tano macho yalifumbwa. Alipopata, macho yalikwenda juu. Mara ya sita Mama Robai alisoma sawa, mimi nikadhani amekosea, na Naliaka ndiye aliyekuwa na haki. Nikaingia jikoni. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikasema, "Mama Robai, huyu anajua kusoma?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yanalowesha. "Si anajua? Mimi ndio sijui. Yeye ndio ananirekebishia, mwarimu."

"Tangu lini?"

"Tangu alikuja. Dada yake alikuwa anambeba shule kule Chwele, miaka tatu, ati kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki na yeye. Alikuwa anakaa kwa mkeka nyuma ya darasa. Sasa unadhani masikio yake yalikuwa nje?" Akamwaga maharagwe kwenye sufuria. "Ukimuuliza, ungoje. Anachukua muda kama kuku anataka kutaga. Lakini anajibu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mimi ni wa jikoni." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anayenieleza chumvi inakaa wapi.

Siku hiyo nilichukua katoni la mafuta ya kupikia, nikalipasua, nikaandika herufi juu yake kwa kalamu ya wino mzito, safu tano. Nilikuwa nimesoma habari za ubao wa namna hiyo chuoni, nikajibu swali la mtihani juu yake, nikapata alama zote. Nikapitisha kidole safu kwa safu. Akiinua macho, nilianza herufi moja moja ndani ya safu hiyo, hadi ayainue tena. Nilimuuliza jina la dada yake. Niliona mwili wake wote ukikaza, mikono ikaruka, shingo ikapinda, na nikaelewa kwamba kila nilipokuwa nikihesabu sekunde kumi, yeye alikuwa bado njiani akija. Lilichukua karibu nusu saa. R, O, S, E. Mama Robai alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko. "Rosi," akasema. "Ndiyo dada yake." Kisha akaenda kuangalia ugali.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia siku ileile kwenda kurekebisha kosa. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Nilikwenda Kitale, nikafua nguo zilizokuwa safi, nikapanga upya chumba changu cha Matisi, nikarudi Bungoma Jumatatu nikiwa sijaamua chochote. Ripoti yangu ilikuwa kwenye faili la Naliaka, na kamati ilikuwa inakaa mwezi wa tisa. Nilipomweleza mhadhiri, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alama zilikuwa zimeshapelekwa, alisema. Nikiiondoa ripoti, nitahesabiwa kama niliyeshindwa kuileta. Nitarudia mwaka ujao, na mahafali ya mwaka huu sitakuwemo. Akaongeza, kwa upole hasa, kwamba kukosea ni sehemu ya kujifunza, na kwamba hakuna haja ya kufukua kila kosa.

Chemutai alikuwa akimenya viazi nilipomweleza. Hakuacha kumenya. "Wacha hiyo karatasi ilale. Andika kabarua kadogo, useme umeona mambo mapya, iwekwe kwa faili. Kwani lazima ujichome?"

"Na kamati ikisoma ripoti iache barua?"

"Hiyo ni shida ya kamati."

"Ni shida ya Naliaka."

Akaweka kisu chini. "Nanjala, wewe ulikuja hapa kutafuta ofisi. Mimi nilikusikia. Sasa imekuja karibu, unaanza kuwa mtakatifu?" Alisema kweli. Niliandika ile barua ndogo, nikaipeleka ofisini mwenyewe, na karani akaibana nyuma ya faili, chini ya karatasi zote, bila kuisoma. Nilimwona akiibana. Nilitembea hadi stendi, nikarudi, nikasimama tena mbele ya dirisha lake, nikamwomba anipe ripoti yangu yote. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina, ila anipe. Nilitia sahihi kwenye daftari la kutoa hati, nikatoka nimekumbatia karatasi ambazo alama zake zilikuwa zimenipatia kuku.

Mwezi wa nane mzima, wakati wenzangu walipumzika, nilikaa pale bwenini na watoto wachache ambao hawakuchukuliwa likizo ile, Naliaka akiwa mmoja wao, na nikaandika upya. Safari hii Bwana Wekesa alitia sahihi kabla ya kumaliza chai yake. Bibi yake Naliaka aliitwa kwenye kamati. Alifika kutoka Chwele akiwa amevaa nguo za kanisani na kubeba shuka, kwa sababu alishaambiwa na watu kwamba mtoto anarudishwa, na alikuja tayari kumbeba.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa haki lakini mgumu. Alisoma ripoti mpya, akauliza iko wapi ile ya zamani, nikamweleza. "Kwa hivyo mara ya kwanza uliandika hawezi kusoma, na mara ya pili umeandika anaweza. Mimi nitajuaje kwamba mara hii si kidole chako ndicho kinachosoma?" Lilikuwa swali zuri. Akaamua: mimi nitoke nje, yeye aandike swali kwenye karatasi amwonyeshe mtoto peke yake, na ubao ushikwe na mtu ambaye hajaliona. Bwana Wekesa akasema, "Tumwite wa jikoni." Mama Robai akaingia akijipangusa mikono kwenye leso, akinung'unika kwamba mboga zitaungua.

Nilisimama nje chini ya dirisha. Siwezi kusema nilisimama. Nilikwenda hadi kwenye bomba la maji nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Ndani kulikuwa kimya muda mrefu, kimya ambacho mwenyekiti alikohoa mara mbili katikati yake, na nikaomba Mungu tu asiharakishe. Kisha nikaisikia sauti ya Mama Robai, ikitaja safu na herufi kwa namna yake. "U." Kimya. "J. Ni hii J? Haya." Kimya kingine. "I. Uji." Nikasikia viti vikisogea, walidhani amemaliza. "Ngojeni," Mama Robai akasema. "Bado ananiangaria. Hajamaliza." Ikaja H. Ikaja A. Herufi zikaendelea kutoka dirishani moja moja, na mimi nilikuwa nimeacha kutembea. Mama Robai alipofika mwisho alianza kuyaunganisha maneno polepole, kama alivyosoma nyimbo zake: "Uji. Hauna. Sukari." Akavuta pumzi. "Lakini si sukari iliisha Jumatano? Nilisema kwa ofisi. Hiyo si makosa yangu."

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Swali lake lilikuwa: Leo asubuhi umekula nini? Nilipoitwa ndani, bibi alikuwa ameshika mkono wa mjukuu wake na kumsemesha kwa Kibukusu, maneno mengi ya haraka, maneno ya miaka kumi na miwili, huku mtoto akiinua macho, akiinua tena. Mwenyekiti aliandika kwamba Naliaka abaki, na Januari aingizwe darasa la tatu katika shule ya kawaida pale pale, akiwa na ubao wake na mtu wa kuushika. Shuka lilirudi Chwele likiwa limekunjwa.

Mimi nililipia. Chemutai aliichukua ile kazi ya Kitale, na aliistahili. Alikuja kunikumbatia, tukakumbatiana, lakini viazi vya Jumapili havikuwa na utamu uleule, na miaka ilipita kabla hatujaweza kuutania mwaka ule. Nilirudi Matisi, kwenye mafundi seremala na darasa la pili, na diploma yangu niliipata mwaka uliofuata bila sherehe, kwenye bahasha. Baadaye niliomba mwenyewe kupelekwa kwenye kitengo, na huko ndiko nilikozeeka. Naliaka alimaliza shule ya upili. Sasa anaishi kwa dada yake Rose na huandika matangazo ya kanisa kwa simu, akibonyeza kwa kifundo cha kidole kimoja. Nikimtumia ujumbe wenye kosa la sarufi, huurudisha umesahihishwa. Wanaonijua wananiambia ujana wangu ulikuwa na bahati ya kupata somo mapema. Huenda. Lakini somo hilo lilikuwa na uso, na kuna siku moja ya mwisho ambayo sikuwahi kumsimulia mtu.

Ilikuwa siku niliyotakiwa kuondoka Bungoma, wiki ya mwisho ya muhula wa tatu. Begi langu lilikuwa mlangoni na nilikuwa nimeshawaaga watu. Nilipita kwa Naliaka kwa dakika tano tu, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Akatazama ubao, maana yake ana neno. Nikauchukua, nikapiga magoti. Herufi zilikuja kwa taabu, na katikati nilianza kubahatisha maneno ili niyamalize upesi, naye akafumba macho, akafumba tena, hadi nikaacha kubahatisha. Aliandika: ULISEMA SIWEZI.

Uso ulinichoma. Nilidhani ningepita bila hilo. Nikamwambia, "Ndiyo. Nilisema. Nilikosea."

Akafumba macho. Hakuwa amemaliza. Safu, herufi, safu, herufi. MBELE YANGU.

Nimesemwa na wakubwa wengi katika kazi hii, na hakuna aliyewahi kunifikisha pale. Nilikumbuka mhadhiri akisoma kwa sauti, mimi upande huu na yeye upande ule, na mtoto katikati akisikia kila neno la hukumu yake, hana hata uwezo wa kuziba masikio. Kosa la ripoti nilikuwa nimelilipa. Hili sikuwa nimejua kwamba lipo. Nikasema, "Naliaka, nisamehe." Nikamtazama macho. Hayakwenda juu. Hayakufumbwa. Alinitazama tu, muda mrefu, halafu akautazama ubao. Nikapitisha kidole. K. E. S. H. O.

Kesho sikuwa na mpango wa kuwa Bungoma. Chumba nilikuwa nimerudisha ufunguo, na Chemutai alishaondoka. Nilikwenda jikoni nikamuuliza Mama Robai kama naweza kulala kwake. Hakuuliza sababu, alisogeza tu gunia la mkaa ili niweke begi. Usiku huo tulikula ugali wa wimbi na kunde, akanisimulia habari za kuku wake, na kwa mara ya kwanza mwaka ule wote sikuitazama saa.

Asubuhi nilikuwa pale kabla ya kengele. Naliaka aliletwa, akaniona, akageuza uso kwenye uji wake. Alikula kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha, akapanguswa mdomo, akakazwa mkanda, na muda wote huo mimi nilikaa kwenye kibao mbele yake, mikono mapajani, bila kuuliza kitu. Kisha akanitazama. Mwili ukakaza, shingo ikapinda, mikono ikaruka. Nikangoja. Polepole, kwa kazi kubwa, macho yake yakapanda, yakapanda, mpaka kwenye bati.